Msiwalaumu Madereva wa Leo kwa Barabara Mliyoifunga Wenyewe

Kila mwaka vumbi la Naivasha linapotimka, huinuka nalo wimbo mmoja ambao nimeuchoka. Huimbwa katika vyumba vya walimu, katika ofisi za serikali, katika vipindi vya asubuhi vya redio na katika makundi ya WhatsApp ya watu wa rika langu na walionitangulia. Kiitikio chake ni kwamba madereva wa Safari Rally wa zamani walikuwa madereva kweli, na hawa wa leo ni watoto wanaocheza katika shamba lililozungushiwa ua. Joginder Singh alikuwa simba. Shekhar Mehta alikuwa mchawi wa matope. Sasa huyu kijana Mfini mwenye uso wa mwanafunzi wa kidato cha nne, anayekimbiza gari dakika kumi na tano kisha anapelekewa maji baridi, ana nini cha kulinganishwa na wale?

Mara ya mwisho niliusikia wimbo huo kutoka kwa mwenzangu kazini, mtu ninayemheshimu kwa usomi wake. Alipokwisha kuwasifu wa kale na kuwadharau wa leo, alimgeukia mwanafunzi aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri kuulizia sura ya tasnifu yake, akasema: "Ni kama hawa wetu tu." Mwanafunzi alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka, wala sikujibu. Makala haya ndiyo jibu ambalo sikulitoa siku ile.

Nianze kwa kuwapa wazee haki yao, maana hakuna mjadala wa kweli unaoanza kwa kumnyima mpinzani kilicho chake. Safari ya kale ilikuwa jambo zito. Ilianza mwishoni mwa Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kufikia miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, usiku na mchana, kwa masafa yaliyopita kilomita 5,000. Barabara hazikufungwa. Dereva alishindana na saa katika njia ileile iliyotumiwa na basi la abiria, lori la mahindi na ng'ombe wa mfugaji. Mvua za masika zikitangulia, udongo mweusi wa nyanda uligeuka gundi, na mito isiyo na madaraja ikawa ndiyo mwamuzi. Mwaka 1963 yaling'oa nanga magari zaidi ya 80 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo mwalimu mkuu wa enzi hizo angeweza kulimiliki.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mbio na timu ya kiwanda kabla haijawafikia wao. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19, na takwimu hiyo kwangu mimi ni kubwa kuliko ushindi wake wote watatu. Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda mwaka 1973 kwa namna ya ajabu: yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawa, ikabidi kanuni itafutwe ya kuwatenganisha. Kisha akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna mtu mwingine aliyeshinda Safari mara tano.

Mimi nilizaliwa katika miaka hiyo ya ushindi wake wa mfululizo, kwa hiyo sikumwona. Niliwaona waliomfuata. Nakumbuka vumbi lililotangulia gari na mlio uliotangulia vumbi, helikopta juu ya vichwa vyetu, kisha magari yetu ya waya tuliyoyasukuma wiki nzima baada ya Pasaka. Dereva wa matatu aliyekwenda kasi tulimwita Joginder. Sisemi haya kwa kejeli. Yeyote aliyekulia Kenya katika muongo ule anajua kwamba Safari ilikuwa sikukuu iliyopita mlangoni pako bila kukuomba nauli.

Hayo yote ni kweli. Hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwamba mwanadamu aliyeketi nyuma ya usukani amepungua, ndilo uongo.

Tutazame kazi yenyewe. Katika Safari ya kale dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine. Akichelewa aliandikiwa adhabu, na mshindi alikuwa yule aliyechelewa kidogo kuliko wenzake. Adhabu hizo zilihesabiwa kwa saa. Ustadi uliotakiwa ulikuwa wa kuhifadhi gari, kuhifadhi mwili, kuijua njia, kubadilisha springi gizani, kukisia kina cha mto kwa kutazama tu rangi ya maji. Tangu mashindano yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kazi ni nyingine. Njia imefungwa na kugawanywa katika vipande, jumla ya kilomita mia tatu na ushei za kasi tupu, na saa inahesabu hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 2021 Sébastien Ogier alimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde zisizofika 22. Mwaka 2023 Ogier huyohuyo alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7, baada ya siku nne za mawe, vumbi la unga linalomeza magurudumu, na mvua za ghafla. Sekunde 6.7 ni muda wa kusoma sentensi hii kwa sauti. Katika kazi ya namna hiyo mtu hawezi kusema "nitafidia usiku." Kosa la kukanyaga breki mapema kwenye kona moja ya Kedong halirudishwi popote.

Kuwalinganisha hawa wawili na kumtangaza mmoja kuwa mwanamume na mwingine kuwa mtoto ni sawa na kumlinganisha nahodha wa jahazi na rubani wa ndege. Wote wawili huvuka bahari. Nahodha alikaa wiki kadhaa majini, akasoma nyota na upepo, akazika baharia njiani. Rubani atafika kwa saa tano akiwa amevaa shati jeupe. Yuko mtu anayedai kwamba rubani ni mvivu kwa kuwa hakuteseka kama nahodha? Mateso si kipimo cha ustadi. Ni kipimo cha mateso.

Na hata hayo mateso tumeyapamba. Husimuliwa kwamba wale wa kale walikwenda gizani, mtu na gari lake, bila msaada. Kwa wachache ilikuwa hivyo, na kwa Safari za mwanzo ilikuwa hivyo zaidi. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 timu za viwanda zilikuwa zikitangulia kuja wiki nyingi kabla ya Pasaka, zikiipita njia tena na tena, zikiweka mafundi na vipuri kila upande wa nchi. Datsun haikushinda 1970, 1971, 1973 na kisha 1979 hadi 1982 kwa bahati ya mtu mmoja. Baadaye helikopta zilitangulia angani kumwonya dereva kwamba mbele kuna punda. Dereva wa leo, kwa upande wake, huruhusiwa kuipita njia mara mbili tu kwa mwendo mdogo kabla ya mbio, aandike maelezo yake, kisha ayaamini. Tukitaka kuhesabu nani alisaidiwa zaidi, tuhesabu kwa uaminifu.

Kuna hoja moja ya wazee ninayoikubali bila masharti. Kanuni za leo zinamruhusu dereva ambaye gari lake limekwama Ijumaa kurudi Jumamosi kwa adhabu ya muda. Mwaka 1968 gari lililokwama lilibaki pale lilipokwama, na hadithi yake ikaishia hapo. Mimi pia sipendi kanuni hiyo. Lakini waliotunga kanuni ni waandaaji na wenye haki za matangazo, kwa kuwa televisheni inataka magari mengi siku ya Jumapili. Dereva aliikuta. Kumlaumu yeye ni kumlaumu mtahiniwa kwa urahisi wa mtihani.

Umri nao hutajwa. Rovanperä aliposhinda Safari mwaka 2022 alikuwa na miaka 21, na miezi michache baadaye akawa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote katika historia ya mbio hizo. "Mtoto," wanasema. Juha Kankkunen aliposhinda Safari mwaka 1985, kwa jaribio lake la kwanza, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 26, na leo yumo katika orodha ya mashujaa wa kale. Ujana wa jana huitwa kipaji na wa leo huitwa utoto. Tena baba yake Rovanperä, Harri, ndiye aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Colin McRae mwaka 2002, katika Safari ya mwisho ya ubingwa wa dunia kabla ya ukimya wa karibu miaka ishirini. Nani atakayetuambia kwamba katika nyumba ile moja baba alikuwa dereva na mwana ni mchezaji?

Lakini niliketi kuandika kwa sababu ya neno "wetu", linalorudiwa sana katika wimbo huu. "Zamani wetu walikuwa wakishinda." Ni kweli kwamba hadi mwaka 1971 kila mshindi alikuwa mkaazi wa Afrika Mashariki, na kwamba Hannu Mikkola alikuwa mgeni wa kwanza kushinda, mwaka 1972. Naomba tulipekue neno hilo, "wetu", kwa utulivu.

Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa kifungo. Wiki saba baadaye magari ya Coronation Safari yakaanza kuzunguka Afrika Mashariki kwa heshima ya Malkia. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari. Katika miaka iliyofuata Mkikuyu, Muembu au Mmeru hakuweza kusafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine bila karatasi ya ruhusa, ilhali barabara zizo hizo zilikuwa uwanja wa michezo wa walowezi waliotaka kujua nani ana mwendo zaidi. Mwafrika alikuwepo katika Safari hiyo, naam: alisimama kando ya njia, alisukuma gari lililozama, alifungua geti. Hiyo ndiyo enzi ya dhahabu tunayoililia. Dhahabu ilikuwepo, na mfuko ulioibeba ulijulikana ni wa nani.

Simnyimi Joginder wala Mehta Ukenya wao. Kinyume chake, kijana wa Kihindi wa Kericho aliyeingia katika mchezo wa walowezi kwa mikono ya fundi na kuwashinda ni mojawapo ya habari njema kabisa katika historia yetu ya michezo. Ninachosema ni kwamba Mwafrika mweusi aliingia katika mchezo huu akiwa amechelewa, akiwa hana gereji ya familia wala mkopo wa benki, na hata hivyo Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994, mwaka ambao Ian Duncan, Mkenya pia, alishinda. Huyo ni dereva wa miongo mitatu iliyopita. Mbona katika wimbo wa wazee jina lake ni la kutafutwa kwa tochi? Yamkini kwa sababu kumbukumbu yetu ya "wa kale" tulirithi kutoka kwa magazeti ya watu wengine.

Na hawa wa leo? Mwaka 2021, Safari iliporejea, Onkar Rai alimaliza wa saba, Karan Patel wa nane na Carl Tundo wa tisa, wote wakiwa na magari ya daraja la chini kuliko yale ya viwanda. Hilo halina tofauti na mwanariadha kukimbia peku akamaliza katika kumi bora ya waliovaa viatu. Mwaka uliofuata, McRae Kimathi, kijana aliyepewa jina la yule Mskoti mshindi wa Safari mara tatu, alikwenda Sweden akashindana juu ya theluji na barafu katika ubingwa wa dunia wa vijana. Kumbe mtoto wa ikweta anaweza kufundishwa barafu. Tulimpongeza kwa siku mbili, kisha tukarudi kuulizana kwa nini hatuna akina Joginder.

Hatuna kwa sababu tumeifunga barabara. Sisemi ile ya lami na vumbi. Hiyo ilifungwa kwa haki, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo wazee hunikasirisha kuliko mahali pengine popote. Wanapolisifu gari lililopita sokoni kwa kilomita 160 kwa saa, husahau kuuliza ushujaa huo ulilipiwa na nani. Dereva alikuwa na mkanda, kofia ngumu na ngome ya chuma. Mama aliyebeba kuni hakuwa na chochote. Hakuandikisha jina lake katika mashindano, na hakuna aliyemwomba idhini. Hatari ambayo tunaiita uanaume wa dereva ilikuwa imetwikwa kichwani mwa mwenda kwa miguu. Kwa hiyo anayesema turudishe mbio katika barabara za wazi ili tupate "madereva wa kweli" na aanze kwa kujitolea mtoto wake mwenyewe asimame kwenye kona.

Barabara ninayoisema mimi ni ile ya kuingia. Volvo ya mwaka 1965 ilikuwa gari kuukuu, lakini ilikuwa na uwezo wa kushinda. Peugeot 404 ya Nowicki ilifanana na ile iliyouzwa dukani. Leo gari la daraja la pili tu, lile ambalo haliwezi kumshinda Toyota wa kiwanda hata dereva awe nani, linauzwa zaidi ya yuro 200,000, yaani karibu shilingi milioni 30 za Kenya, kabla hujanunua tairi wala kumlipa fundi. Mwaka 2022 na tena mwaka 2023, nafasi nne za kwanza zote zilichukuliwa na Toyota. Hakuna kipaji cha kijana wa Kericho, Mbale au Arusha kinachoweza kuruka ukuta huo kwa kudra ya ujasiri. Ukuta huo haukujengwa na vijana.

Fauka ya hayo, kuna suala la nani anayelipa na nani anayefaidi. Kurejea kwa Safari katika ubingwa wa dunia kulikuwa mradi wa serikali ya Kenya, na serikali ndiyo imeendelea kuugharamia kwa fedha za umma. Mbio zenyewe zinafanyika kwa sehemu kubwa katika ardhi za watu binafsi na hifadhi zinazozunguka Naivasha na Elmenteita: Kedong, ambako kumekuwa na mgogoro wa muda mrefu wa ardhi na jamii ya Wamaasai, Soysambu, katika ardhi ya ukoo wa Delamere, Loldia, Oserian, palipojulikana kwa maua. Zamani mchezo ulikuwa wa watu binafsi ukapita katika barabara za umma. Leo mchezo ni wa fedha za umma na unapita katika mashamba ya watu binafsi. Mtu anayetaka kuandika historia ya siasa za uchumi za Kenya tangu uhuru angeweza kuanza na sentensi hizo mbili.

Ndipo ninaposhuku kwamba wimbo wa "madereva wa zamani" haudumu kwa bahati mbaya. Unafanya kazi. Maadam tunabishana kama Ogier angemudu matope ya 1968, hatuulizi bajeti ya mwaka huu ilikuwa kiasi gani na ilitumikaje. Maadam tunamcheka kijana kwa kunywa maji baridi, hatuulizi kwa nini miaka yote hii ya mashindano haijazaa darasa moja la magari nafuu ambalo fundi wa gereji anaweza kujenga kwa mikono yake na kuingia. Hata kumbukumbu yenyewe imekuwa bidhaa: tangu mwaka 2003 kuna Safari Classic ya magari ya kale, mashindano mazuri kwa hakika, ambayo Björn Waldegård, mshindi wa Safari mara nne, aliyashinda mwaka 2011 akiwa mzee. Lakini ni mashindano ya wenye uwezo wa kusafirisha Porsche ya kale kutoka Ulaya. Waliobaki tunauziwa hamu ya yaliyopita bila ya kuonyeshwa risiti.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi aliyecheka kwa adabu. Mwenzangu alipomlinganisha na madereva wa leo, alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwenzangu alisoma chuo kikuu kabla ya mwaka 1991, kabla ya ile sera iliyoitwa kuchangia gharama. Karo yake ililipwa na umma. Alilala katika chumba cha umma, alikula katika ukumbi wa umma, na muhula ulipoanza alitiwa posho mfukoni. Alipohitimu, serikali ilimtafuta. Hiyo ilikuwa Peugeot 404 yake: gari la kawaida, imara, lenye uwezo wa kushinda, alilokabidhiwa na nchi maskini iliyoamini kwamba inamhitaji. Sikatai kwamba aliliendesha vizuri. Wapo waliopewa gari lilelile wakaliangusha mtoni.

Mwanafunzi wake amekopa ili asome, chini ya mfumo wa ufadhili ambao tangu mwaka 2023 umebadilishwa mara nyingi hata sisi tunaofundisha hatuwezi kuueleza kwa mzazi bila kujikwaa. Akihitimu, atasubiri. Akibahatika, atapewa kazi ya mkataba, au ataitwa mwanagenzi na kulipwa posho kwa kazi ileile ambayo mtangulizi wake alilipwa mshahara na kuwekewa pensheni. Waulizeni walimu wa sekondari msingi. Kisha mtu aliyepita barabarani kabla ya ukuta kujengwa, na aghalabu akiwa miongoni mwa waliotia sahihi ujenzi wake, anamgeukia na kumwambia kwamba kizazi chake ni laini.

Juni 2024 tulilisikia neno hilo likitoka katika vinywa vikubwa zaidi. Vijana walipoingia mitaani kuupinga Mswada wa Fedha, wapo viongozi waliowakejeli kwa simu zao na kwa teksi walizopanda kufika kwenye maandamano. Hawakujibiwa hoja zao kuhusu kodi ya mkate na madeni ya taifa. Walilinganishwa na vijana wa zamani, wapigania ukombozi wa kwanza na wa pili, wakaonekana wamepungukiwa. Siku chache baadaye mswada uliondolewa, na wengi walikuwa wameuawa au walikuwa bado hospitalini. Baada ya hapo sikumsikia mtu akisema tena kwamba ni watoto wa kunywa maji baridi. Nilimsikia mwenzangu mmoja tu, na ni yule yule, na alisema kwamba siku zao maandamano yalikuwa na nidhamu zaidi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa walio katika wizara inayohusika na michezo, nina ombi la kawaida kabisa. Chapisheni hesabu za Safari Rally za kila mwaka tangu 2021: kilichotoka hazina, kilicholipwa kwa wenye haki za mashindano nje ya nchi, kilicholipwa kwa wenye ardhi, na kilichobaki kwa mafunzo ya madereva, waelekezi na mafundi wa humu nchini. Tumieni vyuo vyetu vya ufundi, ambavyo vimejaa vijana wanaofungua injini za Probox kwa macho yaliyofumbwa, kuanzisha daraja la magari ya bei nafuu katika ubingwa wa taifa, lenye kanuni kali zinazozuia fedha kununua ushindi. Wekeni bei ya juu ambayo gari haliruhusiwi kuipita. Mshindi wa daraja hilo apewe kiti katika gari bora mwaka unaofuata kwa fedha hizohizo za umma. Haya si mageuzi ya ajabu. Nchi nyingi zenye madereva wazuri zilianza hivyo, kwa mashindano ya vijijini na magari makuukuu.

Kwa wanaharakati, ombi langu ni kwamba mkiulizia Kedong msiulizie twiga na nyasi peke yake. Ulizieni hati.

Na kwa mwenzangu, ambaye nitamtumia makala haya kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu adabu inataka hivyo: nakubali kwamba Joginder alikuwa mkuu. Nataka unijibu swali moja tu. Fundi wa Kericho mwenye miaka 25 leo, mwenye mikono kama ya Joginder na moyo kama wa Joginder, aanzie wapi? Usinitajie ujasiri. Nitajie jengo, ofisi, jina la fomu na kiasi cha ada. Na wakati unalitafakari hilo, tafadhali isome ile sura ya tatu ya tasnifu. Imekaa mezani pako tangu Januari, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni ya mwezi ujao.